Shuka jekundu, mgomba wa kijani, kijivu kimoja

Msimamishe Mwarusha aliyejitanda shuka jekundu mbele ya migomba ya Tengeru, karibu na Arusha, mpige picha kwa kamera isiyojua rangi, kisha tazama kioo cha nyuma. Macho yako yaliona wekundu ukichomoza kwenye kijani. Kamera imeona kijivu kikiwa kimelalia kijivu kingine, na mtu amemezwa na shamba. Wengi waliozoea kamera za kawaida hukata tamaa hapo hapo na kuirudisha kwenye mkoba, wakijiuliza aliyeitengeneza alikuwa na ugomvi gani na Mungu aliyeumba rangi.

Sizungumzii ile sehemu ya menyu inayofuta rangi baada ya picha kupigwa. Hiyo ipo hata kwenye simu ya bei nafuu. Nazungumzia kamera ya dijitali iliyozaliwa bila uwezo wa kuona rangi, ambayo hata ukiipigia magoti haitakupa bluu wala njano.

Ajabu ni kwamba kihisi cha mwanga kilichomo ndani ya karibu kila kamera ya dijitali hakijui rangi. Kila kidoa chake kinapima wingi wa mwanga basi. Rangi inaletwa na utando uliowekwa juu yake, wenye vifilta vidogo mno vya nyekundu, kijani na bluu vilivyopangwa kama vigae. Mpangilio huo aliubuni Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vifilta hivyo ni vya kijani, robo nyekundu, robo bluu. Maana yake kila kidoa kinaona rangi moja tu, na hizo mbili nyingine kamera inazikisia kwa kuchungulia kwa majirani. Ukiuondoa utando, kukisia kunakwisha. Kila kidoa kinapokea mwanga wote uliokiangukia, picha inakuwa kali zaidi, na gizani kamera inahimili kuliko ndugu zake wa rangi.

Kodak wenyewe waliwahi kuwatengenezea wataalamu kamera za namna hiyo, ikiwemo DCS 760m ya mwaka 2001. Lakini jambo hili lilianza kuzungumzwa mitaani Mei 2012, Leica wa Ujerumani walipotoa M Monochrom ya megapikseli 18. Mmoja wa warithi wake, M11 Monochrom ya megapikseli 60, alitoka Aprili 2023 kwa bei ya dola 9,195 bila lenzi. Mwezi huo huo Pentax wakaleta K-3 Mark III Monochrome, kamera ya kioo cha ndani yenye karibu megapikseli 26, kwa takribani dola 2,200. Kwa bei ya hiyo M11, kijana wa Sanawari, hapa Arusha, anajinunulia bodaboda kadhaa mpya na kubaki na chenji ya kofia ngumu. Ya Pentax nayo si ya kuokota.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akishajinyima hadi kuipata, anaanza upya kujinyima kwa ajili ya lenzi, wakati kitu kinachoamua sura ya picha zake ni kioo chembamba cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi hiyo. Tuanze na hicho kioo, tena tuanze mbali kidogo.

Ukitazama picha zilizopigwa kaskazini ya nchi hii enzi za Wajerumani, waliojenga Boma la Arusha mwaka 1900, utagundua mbingu karibu zote ni nyeupe pee, hata siku ambayo jua linaonekana wazi kuwa lilikuwa kali. Hapakuwa na ukungu wa kudumu. Sahani za kioo walizotumia wapiga picha wengi wa wakati ule ziliona vizuri bluu, zikaona kijani kwa kiasi, na kwa nyekundu zilikuwa vipofu. Bluu ya mbingu ilizichoma hadi kuwa nyeupe. Kitambaa chekundu na udongo mwekundu wa kujipaka vikatoka vyeusi. Sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya kila msafiri kuziacha zile za zamani, kwa kuwa zile za zamani ziliweza kusafishwa chini ya taa nyekundu bila kuharibika.

Sasa fikiria ngozi. Ngozi ya mtu wa kahawia inarudisha nyekundu nyingi kuliko bluu na kijani. Mbele ya sahani isiyoiona nyekundu, mtu huyo lazima atoke mweusi kuliko alivyo, sura yake ikizama hadi yabaki macho na meno. Tumerithi maktaba nzima ya babu zetu wakiwa hivyo, na vitabu vimezichapa picha hizo kana kwamba ndivyo walivyokuwa. Sehemu ya giza lile ilikuwa nia ya mpiga picha, naam, lakini sehemu nyingine ilikuwa kemia. Linganisha na picha za Capital Art Studio ya Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza: mashavu yana mwanga, paji la uso lina ngazi zake za kijivu, na mtu anaonekana ni mtu aliyekuja studio na heshima zake. Nyeusi na nyeupe ile ile, ila aliyekuwa nyuma ya kamera aliujua mwanga na akaijua ngozi.

Kamera ya leo isiyojua rangi inakurudishia uamuzi ule wote mkononi. Filta ya rangi fulani inapitisha rangi yake na kuzuia iliyo kinyume nayo. Basi. Hakuna siri nyingine, lakini twende nayo sokoni.

Jumamosi Tengeru, barabara ya Moshi, kabla ya saa nne. Mama mmoja ana mkungu wa mshare mbichi kushoto, chane za ndizi mbivu kulia, rundo la maparachichi mbele, na kajifunga kanga ya bluu iliyokoza. Bila filta, picha ilitoka imelala: mshare na ndizi mbivu vilikaribiana mno, na uso wake ukawa kijivu sawasawa na gunia lililokuwa nyuma. Nikafunga filta ya njano. Ndizi mbivu zikapanda kidogo, mawingu juu ya Mlima Meru yakaanza kujitenga na mbingu. Nikaitoa, nikafunga ya rangi ya chungwa, na hapo mambo yakabadilika hasa. Ndizi mbivu ziling'aa karibu na nyeupe, mshare mbichi ukashuka kwenye kiza, na ngozi ya yule mama ikapata mwanga kutoka ndani, madoa madogo ya shavuni yakafifia. Kwa nyekundu nilizidisha. Midomo ilipauka, uso ukawa kama wa nta, mbingu ikawa ya kiyama. Ya kijani nayo ikafanya kinyume: majani yakachangamka, kila kovu na kila mstari wa uso ukajitokeza, ngozi ikashuka kuelekea kule kwenye sahani za Wajerumani.

Nilimwonyesha ile ya filta ya chungwa, niliyojivunia. Akaitazama kwa muda.

"Kaka, kanga yangu mbona umeifanya nyeusi? Mimi sina msiba."

Alikuwa na haki. Chungwa inaizuia bluu, na bluu iliyokoza inaishia kuwa nyeusi kabisa. Huwezi kuinua uso wa mtu kwa filta hiyo na kuokoa kanga yake ya bluu kwa wakati mmoja. Mwenye kamera ya rangi angerudi nyumbani, akafungua programu kwenye kompyuta, akaipandisha bluu peke yake na kumwacha mama na kanga yake. Hilo ni kweli na sitalificha: kwa uhuru wa kurekebisha baadaye, kamera ya rangi ambayo picha zake zimegeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe inaishinda hii kipofu mchana kweupe. Aliye na kazi ya mteja asidanganyike. Nami naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lazima uamue ukiwa bado umesimama mbele ya mtu, unamwona, unaweza kumuuliza, na si usiku wa manane peke yako mbele ya kioo cha kompyuta.

Filta ina gharama yake ya mwanga. Ya njano inakula karibu nusu, ya chungwa kama robo tatu, ya nyekundu inakuachia kama sehemu moja ya nane. Arusha mchana, mji ulio kwenye mita 1,400 hivi na nyuzi tatu na ushee tu kusini ya ikweta, mwanga huo hutauhisi umepungua. Julai asubuhi, ukungu umekaa Ilboru hadi saa nne na watu wamevaa makoti, utauhisi. Lakini hapo ndipo ule uwezo wa kuona gizani unapolipa deni.

Turudi kwenye lenzi sasa, maana filta ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Lenzi yoyote inapata shida kukusanya rangi zote mahali pamoja. Nyekundu inatua hapa, bluu inatua pale, tofauti ya kiduchu. Kwenye kamera ya rangi kasoro hiyo inajitokeza kama uzi wa zambarau pembeni ya tawi lililosimama mbele ya mbingu, na programu inautambua kwa rangi yake na kuufuta. Kamera isiyojua rangi haiwezi kuutambua. Uzi ule unabaki kama ukungu wa kijivu pembeni ya kila kitu, na picha uliyoilipia ukali inakosa makali. Dawa ya matajiri ni lenzi iliyoundwa kuzileta rangi zote pamoja. Leica walipotangaza ile M Monochrom ya 2012, siku ile ile walitangaza APO-Summicron ya milimita 50 kwa ajili ya kazi hiyo, na bei yake ilipita dola 7,000. Dawa ya sisi wengine ni kulibana tundu la lenzi hadi f/5.6 au f/8, na kufunga filta ya chungwa. Kwa kuwa filta hiyo imeshaikataa bluu mlangoni, hakuna bluu ya kwenda kutua mahali pasipo pake. Kipande cha kioo cha bei ya chakula cha jioni kinafanya sehemu nzuri ya kazi ya lenzi ya mamilioni. Si yote: kwenye nusu giza, tundu likiwa wazi kabisa, lenzi ile ghali bado ni mfalme. Lakini ni nani anayempiga picha muuza ndizi kwa f/2 saa nne asubuhi?

Ndiyo maana nawashauri vijana watafute lenzi za mtumba. Pentax inapokea karibu lenzi zote za mdomo wa K zilizotengenezwa tangu 1975, na kwa adapta ndogo inapokea zile za kufunga kwa skrubu: Super-Takumar za Japani, Helios 44-2 za Urusi ya Kisovieti. Wenye Leica wana Jupiter-8, iliyonakiliwa na Warusi kutoka kwa Sonnar ya Zeiss. Nyingi za lenzi hizi zilipakwa dawa ya kuzuia mng'ao tabaka moja tu, na kwenye kamera ya rangi zinalaumiwa kwa kupausha. Hapa kwetu upaukaji huo ni neema. Jua la saa sita likisimama utosini, macho ya mtu yanazama kwenye mashimo mawili meusi chini ya paji la uso. Lenzi ya zamani inamwaga mwanga kidogo kwenye kivuli hicho, na macho yanarudi. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi ndani. Lenzi iliyokaa miaka Dar es Salaam au Unguja mara nyingi ina kuvu, nyuzi kama za buibui, na hakuna filta ya kuitibu.

Urefu wa lenzi ni suala la adabu kabla ya kuwa la ufundi. Mjini Arusha watu wamechoka kulengwa kutoka madirisha ya magari ya utalii kwa mizumu mirefu kama bomba la maji. Ukitembea Soko la Kilombero na milimita 35, lazima usimame karibu kiasi cha kusalimiana, na ukishasalimiana umeshaomba ruhusa nusu. Milimita 50 inakupa nafasi ya kupumua na inafaa kwa wazee, ambao si vizuri kuwasogelea puani. Kumbuka kwamba kihisi cha Pentax ni kidogo, kwa hiyo milimita 35 kwake inafanya kazi kama 50 kwenye Leica. Lenzi pana sana, za 20 na chini yake, siziafiki kwa nyeusi na nyeupe hapa. Zinaijaza picha mbingu tupu na barabara tupu, na bila rangi ya kuokoa utupu huo, unabaki na karatasi ya kijivu yenye mtu mdogo katikati.

Mfano mkubwa wa kusogea karibu upo mkoani humu humu. Mwingereza Nick Brandt alipiga kwa nyeusi na nyeupe tembo, simba na twiga wa Afrika Mashariki akitumia kamera ya filamu ya Pentax 67 na lenzi mbili tu zisizovutika, bila lenzi ndefu hata moja. Alisubiri mnyama amzoee hadi awe karibu. Kitabu chake cha mwaka 2013, Across the Ravaged Land, kina zile picha za ndege na popo waliokauka kwa magadi kando ya Ziwa Natron, aliowaokota ufukweni na kuwapanga kana kwamba wako hai. Watu wanabishana kama kupanga huko ni halali. Mimi naona picha zile zisingekuwepo kama angekuwa na rangi: maji ya Natron yanaweza kuwa mekundu ya kutisha, na wekundu huo ungemla ndege mzima.

Upande wa Meru, tatizo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Hifadhi ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, iliuzwa duniani kwa rangi. Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, ya Howard Hawks, ilipigwa sehemu kubwa huku, na John Wayne anakimbiza wanyama kwenye vumbi la dhahabu. Maziwa ya Momella yanasifika kwa kuwa kila moja lina rangi yake, kutokana na mwani na madini. Kwa kamera yetu, Momella Kubwa na Momella Ndogo ni mabamba mawili ya kijivu, na flamingo ni vidoa vyeupe vyenye miguu. Usiende huko kwa ajili ya rangi ya maji. Nenda asubuhi upepo haujaamka, piga mawimbi madogo, matete, na vivuli vya nyati.

Kisha ingia msituni kumtafuta mbega. Mnyama huyu kama aliagizwa maalumu: manyoya meusi tii, joho jeupe mabegani, mkia mweupe wa kupepea, ndani ya msitu wenye kiza cha saa kumi na mbili wakati ni saa tano. Wengi wanapima mwanga kwa kufuata msitu, na joho linaungua. Kwenye kamera ya rangi, nyekundu ikiungua huenda kijani bado imeshika kitu, na programu inaweza kuokota mabaki. Hapa hakuna mabaki. Nyeupe ikipitiliza imekwenda, ni karatasi. Kwa hiyo piga giza kuliko unavyotamani, joho likiwa kijivu chepesi kwenye grafu ya mwanga, kisha inua vivuli baadaye. Vivuli vya kamera hizi vina hazina ambayo mtu aliyezoea kamera ya rangi haiamini mpaka aione.

Kupanda Meru yenyewe, mita 4,566, ni safari ya siku tatu au nne ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Kila gramu unaibeba wewe, au unamlipa mpagazi aibebe, naye ana mgongo kama wako. Chukua lenzi moja. Pia inakuokoa na vumbi la majivu ya volkano, ambalo likiingia kwenye kihisi unapobadilisha lenzi linabaki kama madoa meusi kwenye kila mbingu. Juu kule ndipo filta nyekundu, niliyoitukana Tengeru, inapata heshima yake. Kilimanjaro iko kama kilomita 70 mashariki, na kati yenu kuna utusitusi wa bluu unaosababishwa na hewa kutawanya mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu. Filta nyekundu inaukata. Kibo iliyokuwa kivuli cha kufikirika inasimama na mabega yake na barafu yake iliyobaki. Mwenye Leica anachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, hivyo anaona dunia kawaida. Mwenye Pentax anaangalia kupitia lenzi yenyewe na anaona ulimwengu mzima umekuwa damu na giza. Alenge kwanza, ndipo afunge filta.

Shida ambayo hakuna anayekuambia dukani inaanza ukitaka picha ya kushika mkononi. Mashine nyingi za mjini zinachapa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya picha za rangi, na kijivu chako kinatoka na ukijani wa mbali au uzambarau, hasa kwenye ngozi. Mwombe fundi azime marekebisho ya rangi ya moja kwa moja, achape kipande kidogo kwanza, mkiangalie nje juani, maana taa za dukani zinadanganya. Akikubali kurudia mara mbili au tatu, mshike huyo. Wenye printa za wino zenye katriji kadhaa za weusi na kijivu wanatoa kazi safi zaidi, na wanalipisha.

Yule mama wa Tengeru nilimpelekea ya filta ya njano, ambayo uso wake si mzuri kama kwenye ile ya chungwa lakini kanga inasomeka hadi maandishi. Ameibandika kwenye nguzo ya kibanda. Ameniagiza nije na nyingine ya rangi ya kumpelekea mwanawe, na kwa kazi hiyo natumia simu.